Modemu na Chupa za Chai

Nilikuwa natafuta risiti ya fundi bomba nikakuta dhambi zangu. Simu inakumbuka kila kitu: elfu mbili Jumatatu saa nne usiku, elfu moja Jumanne alfajiri, elfu tatu Jumatano kwa ajili ya binti aliyesema mwalimu ametuma video ya sayansi, nami nilipochungulia nikamkuta mwanasayansi mwenyewe anacheza amapiano. Nikajumlisha. Kwa mwezi mmoja nyumba yetu ya watu watano ilikuwa imekula bando za shilingi 118,000, na hakuna hata mmoja aliyeshiba.

Nikamtangazia mke wangu kwamba kuanzia mwezi ujao nyumba hii itakuwa na intaneti yake, kama ilivyo na mita yake ya LUKU. Akauliza kama hiyo intaneti nayo itakuwa inakata katikati ya tamthilia. Nikaapa haitakata. Kiapo hicho kilikuja kunitokea puani.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilinunua kaunta buku, nikachora safu: jina la kifurushi, kasi, bei, muda, masharti. Hadi Jumapili nilikuwa na vifurushi 14, na safu ya masharti ikanishinda, maana masharti ya vifurushi huandikwa kwa herufi ambazo hata sisimizi angeazima miwani. Nikaenda kwa wataalamu. Kinyozi wangu akasema nichukue ule mtandao wa tangazo lenye ngoma. Bodaboda wa kijiweni akasema mtandao wowote ni sawa, mbaya ni mahali unapokaa, na kwa kuwa alisema bure sikumsikiliza. Shemeji yangu hajawahi kulipia intaneti maishani mwake, lakini anazo pasiwedi za nusu ya Kimara. Yeye akashangaa: "Shemeji, ununue ya nini na jirani wa ghorofa anayo?"

Nikaenda kwa kijana wa mwavuli pale Barabara ya Morogoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka intaneti ya nyumbani."

"Ya kujaza au ya bila kikomo?"

Kuna maneno ambayo mtu wa umri wangu huyangoja maisha yote. Nikasema bila kikomo, kwa sauti ambayo hata wauza karanga waliisikia. Akatoa kimodemu cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachotumia laini ya simu, akaniomba kitambulisho cha NIDA na kidole. Kimashine kikakataa kidole gumba. Kikakataa cha shahada. Kikakataa cha kati. "Mzee, pitisha kwenye paji la uso upate mafuta kidogo," kijana akanielekeza, na watu sita waliokuwa foleni nyuma yangu wakasogea kuona. Nikasimama chini ya mwavuli nikijipaka jasho langu mwenyewe. Aliyekuja kunidhamini ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Ndicho peke yake kilichokubali kwamba mimi ni mimi.

Sasa, nyumba yetu ipo bondeni. Mnara upo juu ya kilima ng'ambo, na usiku taa yake nyekundu tunaiona, lakini kwa dirisha moja tu, la jikoni. Sebuleni kimodemu kilionyesha kijiti kimoja, chumbani hakuna kitu. Nikapita nacho nyumba nzima mkono juu, kama mtu anayefukiza ubani, mpaka jikoni kikapata vijiti vinne. Nikakifunga kwenye nondo za dirisha kwa mpira wa tyubu.

Familia ikahamia jikoni. Binti alisomea juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mdogo wake alitaka kukalia mtungi wa gesi, nikamfukuza, akahamia juu ya gunia la mkaa, na kwa wiki mbili suruali zake zote zilikuwa na sahihi nyuma. Mimi nilikuwa nafanya kazi zangu za kutafsiri nikiwa nimesimama, kompyuta juu ya friji, huku mke wangu akikaanga vibua chini ya modemu. Jioni moja nilihudhuria kikao cha Zoom na mabwana wa Nairobi, mwenyekiti akaomba radhi kuuliza kama kwangu kunanyesha. Kulikuwa hakunyeshi. Ilikuwa ni mafuta.

Tarehe 9 ya mwezi ule ule ikaja meseji: mteja wetu mpendwa, umefikia kiwango cha matumizi ya haki, kasi yako itapunguzwa hadi mwisho wa mwezi. Nilisoma mara tatu nikitafuta jina la hakimu. Kumbe kikomo kilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye zile herufi za sisimizi. Kilichokuwa hakipo ni hiyo "bila". Hawakuzima, la. Intaneti ilikuwepo, kama mgonjwa anavyokuwepo. Mpwa wangu alituma picha ya harusi ikafunguka kuanzia juu: kwanza paa la ukumbi, baada ya muda nywele za bibi harusi. Uso wake niliuona siku ya pili.

Nikasema nisiwe mjinga, nitabadilisha laini, niweke ya mtandao mwingine. Modemu ikagoma. Imefungwa kwa kampuni iliyoiuza, laini nyingine haizitambui hata ukizibembeleza ziingie. Uaminifu wa namna hiyo ungekuwa kwa binadamu, tungeuandika kwenye kanga.

Basi tukasikia faiba imefika mtaani. Nguzo zilikuwa zimeshavutwa nyaya nyeusi mpaka kwa mama mwenye duka la mchele, na kwetu ni hatua mia moja tu. Fundi alikuja na ngazi, na mkasi mdogo kama wa daktari wa macho. Alimenya waya, gamba juu ya gamba, mpaka akafikia uzi wa kioo mwembamba kama unywele. "Humu hamna umeme, mzee wangu," akaniambia. "Humu unapita mwanga tu."

Nikaona nimepata. "Kwa hiyo umeme ukikatika, intaneti inabaki?"

"Inabaki. Inabaki hapo nje ukutani. Kibokisi cha ndani kinataka umeme."

Kwenye kasi nilijifanya mjuzi. Kaunta buku langu lilikuwa limenifundisha kwamba sinema nzuri ni kama megabaiti 1,000. Nikachukua kifurushi cha 20 kwa sekunde, nikapiga hesabu mbele ya watoto: sekunde 50, sinema ipo ndani. Tukaketi na bisi. Sekunde 50 zikapita, bisi zikaisha, sinema ikaingia baada ya dakika saba. Nilipompigia fundi kulalamika, akanieleza kwa upole wa mtu aliyeeleza hilo jambo mara nyingi: kampuni inauza megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ishirini yangu ni mbili na nusu. Tofauti yote imo kwenye herufi b, kubwa au ndogo. Nimeishi mjini miaka 30, nimeuziwa nyama ya mizani iliyoinama, lakini kuibiwa na ukubwa wa herufi sikuwahi. Tena wala sikuibiwa. Ilikuwa imeandikwa.

Kabla ya kuondoka siku ile fundi alikuwa ameuliza kibokisi kikae wapi. Nilikuwa nafungua mdomo, mke wangu akajibu. Alikuwa ameshaona nyaya zikining'inia, antena nne zimesimama kama panzi, taa zinapepesa, na wageni wa kanisani wanakuja Jumamosi. "Kabatini," akasema. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Niwaeleze hilo kabati. Ni la mninga, lina milango ya vioo, na mgongo wake wa ndani wote ni kioo cha kujitazamia, ili seti moja ya vikombe ionekane mbili. Ndani yake kuna masinia mawili ya chuma cha pua, yaliyotoka kwenye sendofu, hayajawahi kubeba wali. Kuna hotipoti tatu, kubwa, wastani na mtoto. Na kuna chupa mbili za chai za maua mekundu, za wageni, ambazo mimi mwenyewe tangu nioe sijawahi kunywea. Modemu ikawekwa katikati ya chupa za chai. Juu yake mke wangu akatandika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye kingo za mawimbi, maana nyumbani kwetu kitu chochote chenye umeme lazima kivae: redio inacho, televisheni inacho, friji inacho.

Na intaneti ikawa nzito. Sebuleni afadhali, chumbani inaburuza miguu. Nikifungua kabati nikigusa modemu, ilikuwa na homa. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki, dada mwenye sauti ya asali akaniambia labda matumizi yetu ni makubwa, nipande kifurushi. Nikapanda: kutoka 20 hadi 40, na bei ikapanda ngazi pamoja nami. Chumbani ikaendelea kuburuza. Nilikuwa nalipia 40, na nilipopima kwa simu nikiwa kitandani, nikapata 6.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ikafa kabisa. Nilikuwa nimesubiri siku kama hiyo. Nikatoa modemu kabatini, nikaivua kitambaa, nikaichomoa, nikahesabu mpaka 60, nikaichomeka. Taa zote kijani, mtandao hakuna. Nikamfokea mtoto wa kiume, ambaye alikuwa amelala. Nikaazima ngazi nikapanda kwenye kona ya paa ambapo waya unaingilia, nikaukagua kwa kidole kama nabii. Kutoka pale juu nikaona jirani wa ghorofa naye yuko kwenye ngazi yake. Tukapungiana mikono. Nikashuka nikapiga huduma kwa wateja, hata ule muziki haukuwepo. Nikawatukana kimoyomoyo kampuni, fundi, na mama wa duka la mchele, ambaye nilishawishika kwamba amekanyaga kitu.

Jioni ndipo redio ikaeleza: nyaya mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda wetu zimepwaya pamoja nasi. Nikakumbuka Julai 2009, mkongo wa Seacom ulipowashwa hapa Dar es Salaam, tukaambiwa tunaaga enzi ya intaneti ya setilaiti, ile ya ghali na ya kusuasua. Sikuwaza hata siku moja kwamba video ya binti yangu inapita kwenye uzi uliolala sakafuni mwa Bahari ya Hindi, papa wakipita juu yake. Mimi nilikuwa nautafuta ufa wa Durban kwenye paa la Kimara.

Baada ya siku chache mambo yakaanza kurudi, na yakarudi kwa kishindo. Chumbani video inafunguka kabla sijamaliza kuibonyeza. Nikapima kitandani: 38. Nikakusanya familia sebuleni, nikatoa hotuba fupi kuhusu uhandisi wa baharini, nikisema hawa jamaa hawakuunga tu, wamefunga mkongo mpya, mnene zaidi.

Binti yangu akanisubiri nimalize. "Baba," akasema, "modemu bado iko juu ya kiti."

Ilikuwa juu ya kiti, pale pale nilipoiacha Jumapili ile, mtupu, antena zake nne hewani. Akanieleza, kwa sauti ile ile ya fundi, kwamba mawimbi yake yanagonga chuma na kioo cha kujitazamia yakarudi yalikotoka. Kwa miezi mitatu nilikuwa nayapatia intaneti masinia na chupa za chai. Hotipoti yetu ndogo ndiyo iliyokuwa na mtandao mzuri kuliko nyumba zote za mtaa.

Mke wangu hakusema kitu. Usiku ule alikaa na uzi na sindano yake ya kufumia mpaka nikalala. Asubuhi nikampigia dada wa sauti ya asali kuomba nishushwe, nirudi 20, akasema ombi limepokelewa, na mwezi ule nikatozwa 40. Modemu nimeigongomea ukutani, juu ya mlango wa korido, mahali pasipo na sinia wala kioo. Imevaa kitambaa kipya, cheupe, chenye kingo za mawimbi, na kwenye kitambaa hicho kuna matundu manne yaliyofumwa kwa vipimo, kila antena na lake.