Utukufu wa Kinda la Njiwa

Gazeti la michezo likimwita kijana wa miaka 18 "kinda", linampamba: ana mbio, ana chenga, timu mbili kubwa zinamgombea. Aliyewahi kuchungulia ndani ya boksi la njiwa lililotundikwa chini ya paa atajiuliza mwandishi huyo alimwona wapi kinda mwenye mbio. Kinda la njiwa huanguliwa kipofu na karibu uchi, ngozi nyekundu imemea malaika machache ya njano kama ndevu za hindi bichi. Mdomo umemzidi kichwa, kichwa kimeishinda shingo, na tumbo limevishinda vyote. Hasimami, hadonoi, hamkimbii paka. Nyimbo zimemsifu njiwa mpeleka salamu tangu zamani, lakini mtoto wake hakuna aliyempa hata ubeti mmoja. Nadhani tumemdhulumu. Kiumbe huyu tunayemdharau kwa unyonge wake amefanikiwa pale ambapo mashangazi, wazee wa ukoo na mahakama bado wanahangaika: amemlazimisha baba kulea.

Tumlinganishe na hasimu wake, kifaranga wa kuku, anayeheshimika mno kanda hii ya kati. Kuku wa Singida ana jina hadi masoko ya Dar es Salaam. Kifaranga huatamiwa siku 21, hutoka ganda macho wazi, amevaa koti la manyoya, na kabla siku haijapita vizuri anaparura nyuma ya mama yake. Watu humsifu kwa kujitegemea. Lakini tazama sifa hiyo imezaa nini. Jogoo, kwa kuwa watoto wanajimudu, amebaki na kazi ya kuwika. Hajalalia yai hata moja, wala hajui alfajiri walikuwa wanane na jioni wamebaki watano. Kinda hakumwachia baba yake mwanya huo. Njiwa hutaga mayai mawili, na kwa siku 18 hivi dume na jike huyalalia kwa zamu: dume tangu jua likipanda hadi alasiri, jike usiku kucha. Mayai yakikaribia kuanguliwa, gole la kila mzazi, yaani ule mfuko wa kooni unaohifadhi nafaka, hunenepa na kuanza kutoa uji mzito mfano wa maziwa yaliyoganda, wenye protini na mafuta tele. Narudia, la kila mzazi. Dume hunyonyesha.

Asiyeamini asidhani ni hadithi za vijiweni. Mwaka 1933, Oscar Riddle na wenzake nchini Marekani walipoitambulisha homoni waliyoiita prolaktini, mizani yao ilikuwa gole la njiwa: kadiri ndege alivyopewa homoni hiyo, ndivyo gole lilivyonenepa. Ni homoni ile ile inayomwezesha mama aliyejifungua kutoa maziwa. Heroe, wale flamingo waonekanao ziwa Singidani, nao huwalisha watoto wao maziwa ya namna hiyo, baba kwa mama. Orodha ya ndege wenye kipaji hicho haiendi mbali zaidi, na kuku hayumo.

Watasema: huo si utukufu, ni utegemezi, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ni ya kweli, ila imetaja ndugu. Ya baba haikuyagusa. Tena iweni waangalifu na neno "mvivu" kabla hamjapima kazi. Kinda huanza na gramu 15 hivi. Katika siku mbili za mwanzo uzito wake huongezeka maradufu, macho hufunguka kati ya siku ya nne na ya tano, na wiki ya nne ikifika ana gramu 300 au zaidi, karibu sawa na waliomzaa. Amekua mara ishirini bila kutoka chumbani. Kifaranga wa kienyeji wa umri huo, pamoja na kujitegemea kwake kote, bado ni kikonyo kinachosubiri miezi kadhaa kuitwa kuku. Nguvu ambazo mmoja anazimaliza kwa kukimbiza panzi, mwenzake anazigeuza nyama na manyoya. Ikiwa kulala ni kazi, basi hakuna mchapakazi kumshinda.

Watasema pia ni mchafu, anajisaidia pale pale alalapo. Hili silikanushi, naomba tu tumtazame fundi aliyejenga nyumba. Njiwa ana sifa nyingi, ujenzi haumo. Huokota vijiti vichache, akavilaza ovyo, akataga juu yake kwa moyo wa mtu aliyemaliza kazi. Wazazi hao hawatoi kinyesi kiotani, nacho kikikauka hushika vijiti mpaka kiota kinakuwa kigumu, na mara nyingi ni juu ya sakafu hiyo hiyo mayai yajayo yatawekwa. Ugogoni, ambako tembe ilijengwa kwa miti ikakandikwa udongo kuta na paa, hili halihitaji maelezo: fito bila kukandika si nyumba. Baba na mama walileta fito, na kinda, kwa mali pekee aliyokuwa nayo, akakandika.

Hoja nzito zaidi ni ya hesabu. Mtetea huangua vifaranga kumi, njiwa makinda mawili, na mfugaji hula hasara ya muda. Lakini mawili hayo yana magole mawili ya kuyalisha, na kabla hayajaruka jike huwa mara nyingi ameshataga tena, dume akibaki na sehemu kubwa ya kuwalisha wakubwa. Wala thamani yake haikuanza leo. Torati ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo. Asiyemudu aliruhusiwa kuleta makinda mawili ya njiwa. Kinda limekuwa mtaji wa asiye na zizi kwa muda mrefu kuliko benki yoyote mjini.

Mfugaji naye analalamika kwamba anasumbuliwa. Sijui kwa lipi. Anatakiwa aweke mtama, uwele na choroko, mambo ambayo Dodoma haikosi mwaka wa mvua. Changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyopondwa. Maji safi kila siku, maana njiwa akilisha hunywa sana. Na boksi lisilofikiwa na paka wala nyoka. Baada ya hapo kazi yake kubwa ni kukaa mbali. Adhabu huanza pale wazazi wanapokufa. Kinda la njiwa haliachami likisubiri kutiwa chakula kama ndege wengine. Hutumbukiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi. Anayetaka kuliokoa hulazimika kutafuta mfuko au chupa yenye tundu, kuweka chakula laini cha vuguvugu, kisha kuingojea njaa iongoze mdomo. Na usiku wa Juni au Julai, upepo wa Dodoma unapopenya mbao, kinda la wiki moja haliwezi kujipasha moto. Ni kweli pia kwamba maziwa yale ya gole hubeba vijidudu: mzazi mwenye madonda ya koo humwambukiza mtoto katika tendo la kumlisha. Hapa sifa zangu zinapungua sauti. Mlezi akiwa mgonjwa, upendo hautoshi, atibiwe kwanza.

Na kasoro hiyo inaonyesha lawama ielekee wapi. Kinda likidhoofika, mwenye busara humkagua mzazi. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na kwa miaka 43 mji huu ukachekwa kama kinda lisiloota manyoya: vumbi, ukame, umbali. Wachekaji walisahau kutazama wazazi walikuwa wapi. Walikuwa Dar es Salaam, wakituma chakula kwa barua. Mwaka 2016 wizara zilipoanza kuja na kulala hapa hapa, haikupita muda. Mwaka 2018 pakawa jiji, na sheria ikapatambua kuwa makao makuu. Leo mtu akisimama Chimwaga, penye chuo kikuu kilichoanza 2007, huona paa juu ya paa kuelekea mjini. Vumbi ni lile lile na mvua haijaongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kuna anayelalia. Dume la njiwa lingewaambia hivyo mapema, ila muda huo wa mchana huwa lipo zamu.