Kabla Hujanunua Darubini

Umehamia Bunju au Chamazi, kiwanja kina mwembe, mnazi na mipapai, na sasa umeingiwa na hamu ya kuangalia ndege. Hongera. Jua tu kwamba yale majira ya kuchipua unayoyasoma kwenye vitabu vya Wazungu huku hayapo. Machi na Aprili, wao wakimsubiri mbayuwayu kwa hamu, sisi ndiyo tunamuaga. Amekula wadudu wetu tangu Oktoba, sasa anarudi Ulaya kutaga. Sisi tunabaki na masika, na tope lake.

Hiyo darubini mtaarifu mjumbe mapema, maana bafu la uani la jirani liko ng'ambo ya mwembe huohuo. Ukimwambia unaangalia chozi ataitikia kwa adabu, kisha atamuuliza mwenzako pembeni kama siku hizi unapata usingizi.

Chakula usimwage nje. Mtama uliokusudia tetere utaonwa kwanza na kunguru, yule wa shingo ya kijivu. Si mwenyeji huyu: aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ale taka za mji. Taka hazikuisha, na yeye akavuka bahari. Dar amewekewa mitego na sumu. Kenya nayo mwaka 2024 ilitangaza kuwaangamiza milioni moja. Wa kwako yupo juu ya bati, anakagua sufuria. Atabeba sabuni, atabeba kifaranga, atamaliza mayai ya ndege wote uliokuwa ukiwasubiri. Akiwa na makinda, ukipita chini ya mti wake anakushukia kichwani. Tembea na mwavuli, hata kiangazi, watu wameshakuzoea.

Mnana ni wa kutazamwa bila gharama, ila makuti ya mnazi huo yasahau. Dume, manjano tupu, huchana jani uzi mmoja mmoja, akasuka kiota kinachoning'inia, halafu akajitundika chini yake akipiga mbawa na makelele ili jike aje kukagua. Jike akikataa, dume hukifumua akaanza upya. Usimcheke. Wewe nyumba yako hadi leo haijapigwa plasta.

Chozi dume yeye ana ugomvi na gari. Akijiona kwenye saiti mira hudhani mwenzake amevamia himaya. Atagonga kioo asubuhi nzima kwa ule mdomo uliopinda, na mlango atauchafua vilevile. Ivishe mira soksi. Mtaa utadhani unaogopa wezi, na hapo kwa mara ya kwanza utaonekana una akili.

Ukisikia mlio kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, ni dudumizi. Wazee husema anaita mvua. Anua nguo kwanza, mtabishana baadaye.

Beseni la kuogea ndege libadilishiwe maji kila siku, maana mbu wa dengi hupenda maji yaliyotuama na Dar haijasahau mwaka 2019. Bwana afya hataki kusikia habari za shorewanda.

Na bundi akitua usiku, usiite watu. Anakula panya, na panya unao. Lakini jirani akiugua wiki hiyo, wewe uliyekuwa ukimtazama bundi huku unatabasamu ndiye utakayeitwa kujieleza.