Nani Kamfungua Mtoto?

Mama mkwe alishuka kwenye basi la Tanga na kibegi kimoja cha nguo zake, pamoja na furushi la kanga ambalo kondakta alishindwa kulinyanyua peke yake. Zote kuukuu. Kanga mpya, alinieleza, haimfai mtoto mchanga. Inayomfaa ni iliyofuliwa mpaka ikalegea. Jioni ile ile akamfunga binti yake mkaja tumboni, kisha akamfunga mjukuu kuanzia mabegani hadi nyayoni, mtoto akawa kama karanga zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Wawili wakawa wamefungwa. Wa tatu nilikuwa mimi, niliyefungwa mdomo.

Sikuwa na la kulalamikia, maana mtoto alilala. Kabla ya hapo, ukimlaza tu anashtuka, anarusha mikono juu, anaangua kilio. Mama mkwe alisema anaota anaanguka. Jirani alisema kuna kitu kinamchungulia, akatuletea kisu tukiweke chini ya mto. Tulimshukuru, tukakipeleka jikoni. Kliniki, kwenye chanjo ya wiki ya 6, muuguzi alituambia ule ni mshtuko wa Moro, kila mtoto mchanga huzaliwa nao, na huisha wenyewe kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Baadaye nilisoma kwamba Ernst Moro, daktari wa watoto, aliueleza mwaka 1918. Mama mkwe alikuwa ameshika neno moja tu.

"Moro? Mambo ya Morogoro sisi watu wa Tanga yanatuhusu nini?"

Likabaki swali la lini tuache kumfunga, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kila mtu kwenye ukoo ana tarehe yake. Mama mkwe alisema arobaini ikiisha. Ilipoisha, akasema hiyo ilikuwa arobaini ya mama, ya mtoto bado. Mama yangu, kwa simu kutoka Moshi, alisema mpaka shingo ikaze. Shangazi alisema mpaka atoke jino. Jino na mikono vinahusiana vipi, hadi leo hajafafanua. Mimi niliunga mkono kikao kiendelee tu, kwa sababu kikiendelea, mtoto amelala.

Kilichovuruga kikao ni joto. Dar, mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama. Watu wazima tumelala sakafuni na nguo chache iwezekanavyo, na mdogo kuliko wote ndiye pekee aliyeviringishwa. Mke wangu alimgusa shingo, akaikuta imelowa, akamfungua bila kumuuliza mtu.

"Nani kamfungua mtoto?" Mama mkwe aliuliza alfajiri.

"Umeme, mama," nilijibu.

Akatuonya kuhusu matege. Ikabidi kesi irudi kliniki. Muuguzi akasema matege yanaweza kuletwa na upungufu wa vitamini D, si kukosa kanga. Tena miguu ikinyooshwa na kubanwa, nyonga zinaweza kuteguka. Mapaja yaachwe yakunjike na kupanuka, yanavyokaa mtoto akiwa kwenye mbeleko.

"Na mbeleko mlifundishwa na nani?" Mama mkwe aliuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Muuguzi alimwachia ushindi huo, kisha akatoa hukumu: mtoto alazwe chali, na siku atakapoanza tu kujaribu kujigeuza, kanga basi, hata akiwa na miezi 2. "Akijipindua kifudifudi mikono imefungwa, bibi, atajiinua na nini?" Bibi akatazama pembeni.

Haikuchukua muda. Mchana mmoja mtoto alinyanyua nyonga, akainama upande. "Gesi hiyo," Mama mkwe alisema. Akarudia, safari hii akabaki amelala ubavu, anatukodolea macho. "Gesi," alisema tena, lakini kwa sauti ya chini, na usiku ule kanga haikufunguliwa mkunjo.

Tulikesha. Mtoto hakuwa amejua kwamba ile mikono ni ya kwake. Anajizaba kofi, anaamka, anamtafuta aliyempiga, na kila mara jicho lake linaniangukia mimi.

Wiki hiyo hiyo nilimsikia Mama mkwe uani akimfundisha jirani. Mtoto hafungwi milele, alisema. Akianza kujigeuza unamwacha, na mtoto habanwi miguu, Tanga tunayajua haya tangu enzi. Jirani akauliza kama hayo ndiyo aliyoyasema yule muuguzi.

"Muuguzi yupi?"