Sifa za Duka Lisilokuwepo

Duka lisilokuwepo ni lile duka la vitu vya hobi ambalo kila mkazi wa mji wa wastani hulitafuta na hakuna aliyewahi kulikuta: duka la nyuzi za gitaa, la rangi za wachoraji, la sindano za kroshia, la kete za sataranji, la filamu za kamera. Katika biashara zote za rejareja, hili ndilo pekee lisilo na kasoro. Halidaiwi kodi ya pango, halina leseni ya kuhuisha, wala halijamuuzia mtu bidhaa feki. Afisa biashara hana cha kulikagua na mwizi hana mlango wa kuvunja. Maduka yaliyopo, hata yaliyo bora, yana wateja yaliyowaudhi. Hili halijarudishiwa kitu hata mara moja.

Mahali pazuri pa kulichunguza ni Tanga. Tanga si kijiji, ambako mtu asingethubutu hata kuulizia rangi za akriliki. Ina hadhi ya jiji tangu mwaka 2005. Lakini si Dar es Salaam pia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 Tanga, na Dar es Salaam 4,364,541. Tanga ni mji mkubwa wa kutosha kumfanya mtu aamini kwamba duka lazima liwepo mahali fulani, na mdogo wa kutosha kuhakikisha kwamba halipo. Imani hiyo ndiyo humtoa mtu nyumbani saa nne asubuhi. Kwa bahati njema, katika eneo la Ngamiani jijini humo mitaa ina namba badala ya majina, kwa hiyo utafutaji hauhitaji ramani. Mtu huanza barabara za chini akapanda moja baada ya nyingine, na akishindwa hujua kwa hesabu kamili ameshindwa mara ngapi. Huduma hiyo haipatikani katika miji yenye mitaa ya majina.

Sababu ya duka hili kutokuwepo ilielezwa mwaka 1933 na mwanajiografia wa Ujerumani, Walter Christaller, aliyechunguza miji ya kusini mwa nchi yake. Alionyesha kwamba kila bidhaa inahitaji idadi fulani ya chini ya wanunuzi ili muuzaji wake aweze kuishi, na kwamba ipo pia safari ambayo mnunuzi yuko radhi kuifunga kwa ajili yake, si zaidi. Chumvi huliwa na kila nyumba kila siku, ndiyo maana iko kila kona. Wapiga gitaa wa mji mzima wanaweza kutoshea kwenye kibaraza kimoja, na kila mmoja hununua uzi pale tu wa zamani ukikatika. Upepo wa bahari wa Tanga hujitahidi kuwasaidia wafanyabiashara kwa kuzitia nyuzi kutu upesi, lakini hata bidii hiyo haijatosha. Nadharia ya Christaller ina faraja nyingine ambayo haitajwi sana: duka lisilokuwepo lina ngazi zake. Anayelikosa Tanga huambiwa aende Kariakoo, Dar es Salaam. Kariakoo huambiwa kitu hicho huagizwa Dubai. Hakuna mji ulio mkubwa kiasi cha kuwanyima watu wake duka hili kabisa.

Uzuri wake mkuu, hata hivyo, uko katika majibu. Duka lisilokuwepo husemewa na maduka mengine yote, na kila moja hulisemea kwa adabu. Mfano ni huu wa duka la vifaa vya shule lenye daftari mbele, chaja za simu katikati, na nyuma kabisa mpira wa wavu uliopungua upepo.

"Shikamoo mzee. Nyuzi za gitaa zipo?"

"Marahaba mwanangu. Zimeisha."

Neno hilo linastahili heshima kuliko linavyopewa. "Hazipo" lingemwacha mteja na aibu ya kuulizia kitu kisicho na maana. "Zimeisha" humwambia kwamba zilikuwepo, kwamba kuna waungwana wengine wenye haja kama yake, na kwamba kosa lake ni kuchelewa tu. Duka hilo halijawahi kuuza uzi wa gitaa tangu lilipojengwa, na wote wawili wanalijua hilo. Lakini mteja huondoka kichwa juu. Jibu la pili kwa ubora ni "mzigo uko njiani", ambalo huongeza matumaini na kumpa mtu sababu ya kurudi Jumatatu kusalimia. La tatu, "labda Dar", ni la wauzaji vijana wasio na subira. La nne ndilo tajiri kuliko yote: "Kamwone yule baba anayetengeneza redio."

Hapo ndipo duka lisilokuwepo linapofanya kazi ambayo duka halisi haliwezi. Duka halisi humpa mtu pakiti na chenji, akatoka. Hili humpeleka kwa fundi redio, ambaye hana nyuzi lakini ana shemeji aliyepiga gitaa bendi moja zamani. Shemeji huyo hukutwa kibarazani, kahawa huletwa, habari za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star na sauti ya Bi Shakila husimuliwa upya, na jua hutua kabla nyuzi hazijatajwa. Jiji hili halikuitwa "Waja leo waondoka leo" bure. Aliyekuja kwa shughuli ya dakika kumi huondoka na marafiki watatu, mwaliko wa ubwabwa wa harusi, na gitaa lenye nyuzi tano kama alivyokuja nalo.

Wapo wanaoita hali hii usumbufu. Wanasahau kwamba Tanga ina desturi ya kutokata tamaa juu ya vitu vilivyosemekana vimekwisha. Silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zama za dinosaria, alivuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamemtoa majini mara kadhaa, na mwaka 2009 akatengewa hifadhi yake ya bahari hapohapo. Katika mji wenye samaki wa namna hiyo, muuzaji anayesema nyuzi za gitaa zitapatikana hawezi kuitwa mwongo. Hajataja tarehe tu.

Michezo ya mezani inadaiwa na duka hili pengine kuliko hobi nyingine zote. Drafti ingesubiri duka la michezo, vijiwe vingekuwa kimya hadi leo. Badala yake ubao huchorwa kwenye kipande cha plaiwudi, na jeshi zima hutoka kwenye kreti za soda: vifuniko vya upande mmoja hulala chali, vya upande wa pili kifudifudi, na kete ikiingia kingi hubebeshwa kifuniko cha pili kama kofia. Bao ndilo lililoishinda biashara kabisa. Linataka mashimo 32 na kete 64, na kete hizo ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za kichaka chenye miiba kiotacho pwani. Mwenye duka ambaye angejaribu kuziuza angeshindana na kichaka, na kichaka hakilipi kodi.

Katika sanaa ya uchoraji, duka lisilokuwepo lina mwanafunzi maarufu duniani. Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kuwa kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya hadibodi, zile za kutengenezea dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Chui wake na ndege wake wana mng'ao ule kwa sababu rangi ile haijui kufifia kistaarabu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake hubeba jina lake hadi leo. Duka zuri la vifaa vya sanaa lingemuuzia rangi laini za kuchanganya na maji, na huenda watalii wangekuwa wananunua kitu kingine.

Basi la Dar es Salaam hustahili kutajwa kwa kifupi, maana ni njia ya wasio na imani. Mtu humpigia ndugu yake aliyeko Kariakoo, pesa hutumwa kwa simu, na bahasha hukabidhiwa basi lisafiri karibu kilomita 350 kupitia Segera hadi stendi ya Kange. Wakati mwingine hufika siku hiyohiyo. Kasoro yake ni kwamba nyuzi za gitaa huuzwa kwa seti ya sita, ilhali unaokatika ni wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote. Baada ya miaka michache mpiga gitaa huwa na nyuzi nene nyingi zisizo na kazi, zimeviringishwa droo nzima kama nyoka waliolala, na bado hana ule mmoja anaouhitaji.

Dawa ya uzi huo wa kwanza ilijulikana zamani, na huanzia tena kwenye baiskeli. Waya wa breki hukatwa kichwa chake, kisha msokoto hufumuliwa. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za chuma. Mmoja hutolewa, grisi hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ncha moja hufungwa kwenye msumari na ya pili huvutwa kwa koleo mpaka mawimbi ya msokoto yapungue. Hayaishi yote. Ndiyo maana sauti yake huwa sawa karibu na kichwa cha gitaa na kuanza kupotoka kadiri vidole vinavyoshuka shingoni. Uzi huo huchana ncha za vidole, hulegea katikati ya wimbo, na mlio wake una ukali wa kengele. Wapigaji waliojifunzia juu yake huwa na vidole ambavyo uzi halisi wa dukani hauwezi tena kuvitisha, na masikio yaliyozoea kusahihisha kosa kabla halijasikika.

Mara mojamoja hutokea mtu mwenye mtaji na moyo mwema akalifungua duka hili kwa kweli. Mwezi wa kwanza kuna magitaa mawili ukutani. Mwezi wa tatu kava za simu huingia kwenye kabati la kioo, kwa sababu kodi lazima ilipwe. Kabla ya mwaka kwisha, gitaa moja limehamishiwa stoo na la pili limebaki kama pambo, na anayeulizia nyuzi hujibiwa kwamba zimeisha, safari hii kwa haki. Waya wa breki, kwa upande wake, uko kwenye maduka ya spea za baiskeli Ngamiani asubuhi hadi magharibi, na muuzaji haulizi unakwenda kufungwa kwenye baiskeli gani.