Dania Haiuzwi

Nairobi nzima hakuna anayetoka nyumbani kwenda kununua dania. Tunatoka kununua nyanya, vitunguu na sukuma wiki ya kukatiwa. Mama mboga akishafunga mfuko na pesa zikishaingia kwenye mfuko wa aproni, mteja husimama palepale, hasogei, kisha husema kwa sauti ya mtu anayedai haki yake ya kikatiba: "Na dania je?" Mama mboga hunung'unika, huapa kwamba siku hizi dania imepanda, halafu huchomoa vijiti viwili vitatu na kuvitupia mle. Hapo ndipo biashara inapokamilika. Asiyeongeza dania hamwoni mteja huyo kesho.

India nako mambo ni yaleyale. Mei 2024 mtu mmoja wa Mumbai aliandika mtandaoni kwamba mama yake alishtuka kupita kiasi alipoona amelipishwa dania kwenye Blinkit, programu ya kuagizia mboga kwa simu. Mkuu wa kampuni, Albinder Dhindsa, alikisikia kilio hicho, na dania ikaanza kutolewa bure kwa wanunuzi wa mboga. Kampuni yenye kompyuta na wahasibu wake wote ilisalimu amri mbele ya mama mmoja. Wangeniuliza mimi wasingehangaika, kwa maana mimi ni mmoja wa watu wachache waliowahi kujaribu kuuza dania peke yake, bila nyanya ya kuifunika aibu.

Kazi yangu hasa ni blauzi. Nina kibanda Soko la Toi, pale ambapo Makina ya Kibera inaishia na Adams ya Ngong Road inaanzia, na watu wa pande hizo mbili wanakutana juu ya rundo moja la mitumba: mwenye gari aliyeegesha Adams ameshika mkono wa kulia wa blauzi, mwenye ndala aliyetoka Makina ameshika wa kushoto, na hakuna anayeachilia. Ukifungua beli, zile bora, tunazoziita kamera, unazitundika kwenye henga zionekane kwa mbali, na zile duni, fagia, unazimwaga chini kwa bei ya kutupa. Kila kitu Toi kina bei, hata kifungo kimoja. Ndiyo maana sikuona sababu dania iwe tofauti.

Nyuma ya ploti yetu kuna magunia ya mboga. Kilimo hiki kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kuiteketeza Toi na chakula kuwa adimu. Shirika la Kifaransa la Solidarités International likaanza kugawa miche na kuwafunza watu. Unajaza gunia udongo na samadi, lakini katikati unasimamisha mkebe usio na kifuniko wala kitako, unaujaza kokoto, unajaza udongo ubavuni mwake, unauvuta juu, unajaza kokoto tena, hadi gunia zima linakuwa na nguzo ya mawe ndani. Maji ukimwaga juu yanateremkia kwenye ile nguzo na kuwafikia wote, wa juu na wa chini, jambo ambalo mabomba ya mtaa wetu hayajaliweza. Ubavuni unatoboa matundu ya sukuma na spinachi. Dania hukaa juu kabisa, kichwani, kwa sababu ina mzizi mmoja mrefu usiopenda kuhamishwa: huipandikizi, unaisia mahali itakapomalizia maisha yake.

Mbegu nilizipata kwenye duka la viungo, zile zile za kutia kwenye pilau. Kile kidude cha mviringo tunachokiita mbegu ni tunda, na ndani yake mna mbegu mbili. Unakisugua chini ya chupa kipasuke, kisha unasia. Kwa hiyo mbegu za shilingi ishirini ni mbegu za shilingi arobaini. Ongeza mvua ya Aprili. Ongeza samadi ya mbuzi wa jirani, ambayo sikulipia na sikuambiwa nguvu zake.

Sukuma ni mboga ya kistaarabu. Unachuma jani leo, jingine kesho, inakungoja. Dania haina subira hiyo. Inakomaa yote pamoja, na jua likikaza kidogo inarefuka, majani yanakonda yakawa nyuzi, inatoa maua meupe na ladha inageuka. Ukiianika, harufu inaondoka na unabaki na majani makavu yasiyo na maana. Inataka kuliwa, yote, sasa hivi.

Tukala. Mwanzoni ilikuwa raha: kachumbari, ndengu, chipsi masala, viazi vilivyozamishwa kwenye unga wa dengu wenye dania hadi rangi ya viazi ikapotea. Baadaye ikaingia kwenye mayai, kwenye maharagwe, kwenye githeri, mahali ambapo watu wa kwao mume wangu hawajawahi kuiona na hawakuwa wameiomba. Nilipofika kwenye chapati, mtoto wangu wa mwisho aliikunjua yake, akaikagua mbele na nyuma, akauliza, "Mama, hii nyasi inatolewa wapi?"

Katikati ya neema hiyo mama mkwe akaja kutoka Kakamega. Nilimpikia kuku, nikamrembesha kijani. Alionja mchuzi, akaweka kijiko chini kwa heshima zote, akasema, "Mwanangu, sufuria zenu mnazisuuza na maji ya kutosha? Najua maji ya hapa ni ya kununua."

Lugha nyingine ya kusema: kuku ana sabuni. Sasa, jambo hili lina elimu yake. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya 23andMe ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwauliza maelfu ya watu kama dania inawapa ladha ya sabuni, na walipolinganisha majibu na jeni zao wakakuta tofauti ndogo karibu na jeni ya kunusia iitwayo OR6A2. Jeni hiyo huzinasa aldehaidi, kemikali zilizomo kwenye dania na kwenye sabuni pia. Kuna watu wamezaliwa hivyo. Nenda basi ukamweleze mama mkwe kwamba kuku hana neno, ila yeye ndiye ana jeni. Nilikaa kimya. Mume wangu, aliyekuwa ameila dania tangu tuoane na kuomba nyongeza, aliisikia sabuni usiku uleule.

Kumbe sabuni ilikuwa rahisi. Aldehaidi hizo zina jamaa zao wa karibu, na hao hutolewa na kunguni. Nyumba yenye kunguni wengi hunuka dania. Wenye pua nzuri wanalijua hilo. Na mimi nilikuwa nimehifadhi mafungu yangu kwenye beseni, nimeyafunika kitambaa kibichi, nikayasukuma chini ya kochi penye ubaridi. Juu ya kochi hilo ndipo tulipomtandikia mama mkwe.

Usiku wa manane niliona mwanga wa tochi ya simu ukitembea sebuleni. Hakusema neno. Aliinua mto mmoja baada ya mwingine, akachunguza mishono, akautikisa mkoba wake nje ya mlango, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki hadi asubuhi, amevaa koti. Kulipokucha alimwita mwanawe nje kwa mazungumzo ya kifamilia. Kuta za ploti yetu ni za mabati, kwa hiyo familia hiyo ilikuwa ya watu wengi.

Kodi unaweza kuchelewesha na watu wakakuonea huruma. Kunguni hawana huruma ya mtu. Kabla ya saa sita keateka alikuwa mlangoni na pampu ya dawa mgongoni, na nyuma yake majirani waliokuja kushuhudia. Nililivuta beseni, nikafunua kitambaa, nikawaambia wanuse wenyewe. Wakanusa kwa zamu. "Lo, kweli," akasema mama wa nyumba ya pili, "ni kunguni watupu." Tangu siku hiyo hakuna mlango kwenye ploti ile uliokubali dania yangu hata kwa bure, na baadhi yao nilikuwa nimewazoesha.

Nikaamua kusaga. Chatini ya dania inakaa: unatia pilipili, kitunguu saumu, ndimu ya kutosha, chumvi. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha, nikatwanga kwenye kinu hadi bega likalalamika, nikajaza mikebe yote niliyoipata humo ndani, mmojawapo ukiwa wa mafuta ya kujipaka, niliouosha kwa maji moto na kuukausha juani. Mkebe ulikuwa safi. Nasisitiza hilo kwa sababu mjadala wa baadaye ulijaribu kuubadilisha ukweli huo. Mume wangu huondoka alfajiri kwenda kazini, na yeye ni mtu wa kujipaka mafuta gizani, haraka, kuanzia miguuni kwenda juu. Miguu ilinyamaza. Alipofika usoni ndipo ploti nzima ilipoamka.

Mama mkwe alitazama uso wa mwanawe, wa kijani, ukitiririka machozi, akanitazama mimi. Alipanda basi la asubuhi.

Ilibaki kuuza. Toi nisingeweza, wananijua kwa blauzi na habari za kunguni zilikuwa zimenitangulia, basi nikajaza gunia nikaelekea Kawangware, anakokaa dada yangu. Makanga wa Ngong Road alilitoza nauli. "Mzigo unalipa, mama." Gari likaanza kunukia, abiria wakaanza kuzungumza juu ya mutura na mayai ya kuchemsha, watu wasiojuana kabisa, na kijana wa kiti cha nyuma akaniomba vijiti viwili vya kupeleka nyumbani. Nikampa. Huyo ndiye mteja pekee aliyeridhika katika historia ya biashara hiyo, na hakulipa.

Dagoretti Corner nikabadilisha gari, nikalipia gunia tena. Sokoni Kawangware nilimwendea mama mboga mwenye meza pana, nikamsalimia vizuri, nikamwonyesha mali. Akaitazama, akainua kipande cha gunia chini ya meza yake: dania, imejaa, ya kutoka Wangige alfajiri ileile. Nikamuuliza ananunua fungu kwa ngapi. "Dada," akaniambia kwa upole ambao bado unaniuma, "hii siuzi. Hii natumia." Nikasimama pale, nina aibu ya kuondoka mikono mitupu, nikanunua nyanya za hamsini. Alizifunga, akapokea pesa, na kabla sijageuka akachomoa fungu la dania akanitilia juu ya nyanya. Nililipokea. Ningefanyaje? Mkono ulitoka wenyewe.

Bi Mkubwa mmoja wa Kinubi huko Makina, mpishi wa pilau za arusi, ndiye aliyenihurumia. Nilimpelekea kikapu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu anatia majani kwenye pilau. "Ya pilau ni mbegu. Iache izae, uniletee mbegu." Nikaiacha. Ikazaa. Nusu nikampelekea, nusu ikajimwagia yenyewe juu ya magunia kabla sijaivuna, na mvua ya Oktoba ilipopiga ikaota kila mahali, hadi kwenye ufa wa saruji mlangoni kwa keateka.

Siku hizo nilisoma kwamba kaburi la Tutankhamun, lile alilolivumbua Howard Carter mwaka 1922, lilikutwa na mbegu za dania ndani, kama nusu lita hivi. Wenye elimu yao wanasema ni matayarisho ya safari ya ahera. Mimi naona pale jirani mwenye bustani, aliyepata hatimaye mtu asiyeweza kukataa.

Basi nikageukia lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kama dania ni nyongeza, iwe nyongeza. Nikaanza kuifunga vifungu vidogo kwa nyuzi za migomba na kuipanga kando ya blauzi: nunua blauzi, ondoka na dania. Jirani yangu wa viatu alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikuja na vitunguu.

Mteja wa kwanza alitoka upande wa Adams, funguo za gari mkononi, mwanamke wa makamo mwenye jicho la kazi. Aliipita fagia bila kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye kamera, blauzi ya pamba ya buluu. Nikamwambia mia tatu. Akasema mia na hamsini. Nikamuuliza kama ameitazama mishono. Akaniuliza kama nimelitazama doa. Tulipofika mia mbili na hamsini wote tulikuwa tumechoka na kuheshimiana. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, na juu yake nikaweka fungu la dania, mbichi, lenye umande.

Akalitoa. "Hii ni nini?"

"Dania, mama. Nimekuongeza."

"Ya bure?"

"Ya bure kabisa."

Akalinusa, akalirudisha taratibu mezani kwangu, akafungua pochi, kisha akaifunga tena.

"Mimi dania ninayo nyumbani," akasema. "Sasa nikikuachia hiyo, blauzi utanipunguzia ngapi?"