Kindi Mkarimu Aliyenifungia Mlango

Jumamosi moja ya Machi 2019, saa tatu usiku, nilikuwa sebuleni kwangu Tanga, nimejifunga msuli, miguu juu ya stuli, chai ya rangi kando. Nikaamua kufanya kazi ya ofisi bila kwenda ofisini. Mkosi wangu ulianzia hapo.

Chama cha kuweka na kukopa ninachokihudumia kina seva moja. Ni boksi jeusi lililowekwa kwenye stoo ya karatasi, juu ya meza ambayo guu lake moja limetiwa kigae. Tangu 2014 lilikuwa likiendeshwa na Ubuntu 14.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, na kwa miaka mitano halikuwahi kulalamika. Ila Aprili ikiisha, viraka vya bure vya usalama kwa toleo lile vingekoma. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwa na wadukuzi. Nikaamua kuhamia 16.04.

Watengenezaji wa Ubuntu huyapa matoleo yao majina ya wanyama. Hili waliliita Xenial Xerus. Xerus ni kindi wa ardhini wa huku kwetu Afrika, na xenial ni sifa ya anayejua kupokea wageni. Yaani Kindi Mkarimu. Ubuntu lenyewe halihitaji mkalimani. Ni utu wetu huu huu kwa ulimi wa ndugu zetu wa kusini. Utu na ukarimu chini ya paa moja, nikajiuliza, kitaharibika nini?

Kabla ya kuanza, nilifanya usafi. Katika folda moja nikakuta faili la 2014 ambalo hakuna aliyeligusa tangu hapo, jina lake 70-persistent-net.rules. Mstari wake wa juu ulisema limetengenezwa na programu, si na mtu. Nikaona kwamba kama mashine ililitengeneza, basi ikilihitaji italitengeneza tena. Nikalifuta, nikapiga funda la chai.

Programu ya kupandisha toleo ilinionya kwamba kazi hii haishauriwi kufanywa kwa mbali. Hata hivyo, kwa wema wake, ikanifungulia mlango wa uani, poti 1022, ili wa mbele ukikwama nipitie kule. Niliguswa. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mwenye haraka. Saa sita kasoro ikaomba kuwashwa upya. Nikaikubalia. Haikurudi.

Nikaipigia ping. Ping ni hodi ya kompyuta: unabisha, mwenyeji anaitikia, unaambiwa ameitikia baada ya milisekunde ngapi. Nilibisha mpaka chai ikapoa. Nikazunguka uani, kwenye 1022. Kumbe mlango ule ni wa turubai. Ukiwasha upya unaondoka na shughuli yake.

Nikavaa koti juu ya msuli, nikapanda bodaboda. Mlinzi wa ofisi, mzee wa umri wa baba yangu, akafungua geti huku akiniangalia kuanzia kiunoni kwenda chini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Tumeibiwa?”

“Hapana, mzee. Nilikuwa naibadilisha ile mashine ya ndani, iwe ya kisasa.”

“Ilikuwa mbovu?”

“Ilikuwa nzima.”

Akanyamaza kidogo. “Haya. Pita, mwanangu.”

Sijawahi kusomewa hukumu ndefu kuliko ile “haya”.

Stooni nikaivuta seva mbele ili nichomeke skrini na kibodi, maana nyuma yake panaingia mkono mmoja tu. Naomba msomaji akumbuke kwamba niliivuta, kwa sababu mimi sikukumbuka.

Skrini ikawaka. Seva ilikuwa buheri wa afya. Nikaiambia ijibishie hodi yenyewe kwenye 127.0.0.1, ikaitikia papo hapo: hujambo, sijambo, yenyewe kwa yenyewe, kama mtu aliyejifungia chooni. Nikaandika *ip addr* nione kadi ya mtandao. Kadi niliyoijua miaka mitano kwa jina la eth0 haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mtu anaitwa enp3s0, kimya, hana hata anwani.

Hapa niwatendee haki watengenezaji. Zamani Linux iliziita kadi kwa kufuata nani ameonekana kwanza: wa kwanza eth0, wa pili eth1. Ni mtindo wa Kulwa na Doto, isipokuwa pacha hawa walikuwa wakizaliwa upya kila mashine inapowashwa, na siku nyingine Doto akitangulia, anaamka akiitwa Kulwa. Ndiyo maana tangu 2013 ukaja utaratibu wa kuita kadi kwa mahali inapokaa: en ni Ethernet, p3 ni njia namba tatu ndani ya mashine, s0 ni kitundu namba sifuri. Kama tusemavyo mtaani, “yule wa uchochoro wa tatu, nyumba ya pembeni.” Majina hayo yanaitwa majina yanayotabirika. Mimi sikuyatabiri.

Na mashine kongwe zilizozoea majina ya zamani hazikusahaulika. Ziliachiwa faili lao linalosema kadi yenye namba hii ya kuzaliwa itaitwa eth0 daima. Faili hilo ndilo 70-persistent-net.rules. Nilikuwa nimechana cheti cha kuzaliwa cha kadi yangu, kwa usafi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: faili la mipangilio lilikuwa likiita eth0, eth0, kama karani wa dirishani, na mwenyewe amekaa benchi la mbele, haitiki, kwa kuwa sasa ana jina jingine. Nikabadili jina kwenye faili, nikawasha upya, nikainuka niondoke.

Bado. Sasa enp3s0 ilikuwa na anwani yake, na mbele ya jina yameandikwa maneno NO-CARRIER. Mtu mwenye akili timamu angetazama waya. Mimi nilikuwa nimeshalala na adui mmoja kitanda kimoja, nikaamini huyu ni nduguye. Nikamshuku dereva wa kadi. Nikamshuku Kindi. Nikarudisha kerneli ya zamani, nikazima ukuta wa moto, nikausoma tena ule mstari mmoja wa mipangilio mpaka herufi zikaanza kutembea. Saa tisa usiku nilikuwa nimetengeneza vitu vitano ambavyo havikuwa vibovu.

Kalamu ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, nikaona njiti ya kiberiti sakafuni.

Ofisi ile hakuna anayevuta sigara. Nikaishika njiti, nikaitazama kwa taa ya simu. Imechongwa upande mmoja kwa wembe. Niliitambua, kwa sababu niliichonga mwenyewe mwaka 2016, siku kile kiulimi cha plastiki kwenye plagi ya kebo kilipovunjika, nikaibana plagi kwa njiti “kwa muda, mpaka kesho”. Nilipoivuta seva, njiti ilidondoka na plagi ikarudi nyuma milimita chache. Nikaisukuma kwa kidole. Ikalia *tik*, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Msikiti wa jirani ukaadhini. Nikamuaga mzee getini. Akauliza kama imekuwa ya kisasa. Nikamwambia ndiyo, sasa inaitwa Kindi. Hakusema kitu, akafunga geti.

Jumatatu nilimuuliza mama mhasibu anaonaje mfumo mpya. Akaniuliza, “Mpya upi, baba?”

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote katika kazi yetu, na haipandishi mshahara. Nawe unayejiandaa kupandisha toleo la seva usiku: kila unachofuta kiandike kwenye karatasi, nenda ofisini na suruali, na kabla hujamtukana kindi wa watu, sukuma waya kwanza.