Mtumba wa Dubai au Kuunga Mwenyewe? Mwongozo kwa Fundi Video wa Mishamo

Usiulize bei ya kitu chochote Kariakoo kabla hujajibu swali moja: umeme wako unatoka wapi? Winga wa Mtaa wa Aggrey atakuambia swali hilo halimhusu, kwa kuwa yeye anauza kompyuta, hauzi umeme. Msamehe, yeye halali Mishamo.

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye kistudio katika kijiji kimojawapo cha Mishamo, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Unahariri video za kwaya, harusi na mazishi. Laptop yako inakwama kila ukiingiza picha za 4K, kwaya imeshatanguliza nusu ya malipo, na mwalimu wa kwaya anapiga simu asubuhi na jioni kuulizia albamu. Umeweka akiba. Sasa umegawanyika: ununue mashine kubwa ya kazi iliyotumika, ile ya ofisi za Ulaya iliyopitia Dubai, au ununue vipuri vipya uunge yako mwenyewe? Marafiki wamekupa ushauri, na wengi wao wamekushauri ununue ile wanayoitamani wao.

Tuanze na sola, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ukiipenda, utatumia nusu tu, yaani 600, la sivyo itakufa mapema. Mashine kubwa yenye prosesa ya Xeon na kadi ya picha, pamoja na kioo chake, inaweza kuvuta wati 250 ikiwa kazini. Toa na kile inachokula inveta: hazitimii saa mbili na nusu. Umeshaweka nyimbo mbili sawa, wa tatu unazimika katikati ya pambio. Mashine inayovuta wati 100 itakufikisha saa tano na ushee kwa betri ileile. Kwa hiyo kama unaishi kwa sola, mjadala umekwisha: unga mwenyewe, na uruke aya tatu zinazofuata. Au zisome tu, zitakusaidia kumtuliza rafiki atakayekucheka kwa kutonunua Xeon.

Kama nguzo imefika kwako, mtumba una hoja nzito, na mimi nauheshimu. Mashine kama HP Z440 au Dell Precision T5810 zilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi, zikae zimewashwa mchana kutwa. Kasha ni la chuma cha kweli. Ramu zake za DDR4 ni zile za seva zinazosahihisha makosa zenyewe, na kwa kuwa seva nyingi zimestaafishwa, ramu hizo huuzwa kwa bei nafuu, ingawa hazitafanya kazi kwenye mazabodi ya kawaida. Prosesa ya Xeon E5-2690 v4 ya mwaka 2016 ina koa 14, na pale video inapotolewa kwa mwisho, koa 14 zote hushika jembe. Pawa saplai yake nayo hukubali umeme wa kati ya volti 100 na 240 bila kugeuzwa chochote. Mpanda ilipokuwa ikiendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, kwa miaka mingi, watu walijifunza kwamba umeme huweza kuwepo na bado usitoshe. Taa inafifia jioni majirani wanapowasha vitu vyao, na mashine ya namna hii inaendelea kufanya kazi.

Lakini pawa saplai hiyohiyo ndiyo mtego wenyewe. HP na Dell walizitengeneza kwa umbo lao na plagi zao, kwa hiyo ikiungua hutaipata dukani Mpanda mjini, na ya kawaida haiingii. Ukinunua mashine hizi, nunua na pawa saplai ya akiba siku hiyohiyo, duka lilelile, uijaribu palepale. Muuzaji akisema haiharibiki, mshukuru na uendelee kuitaka. Jua pia kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon za kizazi hiki hazimo katika orodha ya Windows 11. Linux pamoja na programu ya Kdenlive, vyote vya bure, vitakuhudumia vizuri, ila uwe umejifunza kabla, usianze kujifunza wiki ya kutoa albamu.

Ukiwa dukani utasikia maneno haya: "Kaka mkubwa, hii mashine ya kazi, imetoka Uingereza, haijaguswa." Jibu kwa upole: "Sawa, ndugu yangu. Ifungue." Uende na flashi yenye CPU-Z, GPU-Z na CrystalDiskInfo. Ya mwisho itakuonyesha diski imekaa kazini saa ngapi, na saa elfu arobaini ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuwashwa usiku na mchana. Diski ya namna hiyo iache, weka SSD mpya. Ingia kwenye BIOS uhakikishe haina nywila ya kampuni ya zamani. Kadi ya picha ipime kwa nusu saa ikiwa na kazi nzito, huku ukiangalia joto na kusikiliza feni. Tangu Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi za picha, Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka zimeingia sokoni. Ziko pia kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi kubwa, na GPU-Z ndiyo itakayokuambia ukweli huo. Winga akikuharakisha, kaa kwenye kiti. Na risiti ya EFD ni haki yako, iandikwe jina la mashine na namba yake.

Sasa kuunga. Kwa kazi ya video, na kwa mtu wa sola hasa, mimi ningechukua Intel Core i5-12400. Ni ya mwaka 2022, koa sita, wati 65 katika kazi ya kawaida, na ndani yake kuna sehemu ya picha inayofungua video za kamera za siku hizi bila kadi ya ziada. Soma boksi herufi kwa herufi. Ikiandikwa 12400F, hiyo F ina maana sehemu ya picha haimo, na utajikuta unahitaji kadi ambayo hukuipangia bajeti. Kadi utaongeza baadaye, kwaya zikilipa. Tena hapa kila kipuri kina umbo la kawaida: pawa saplai ikifa, yoyote ya ATX yenye nguvu ya kutosha inaingia. Ila usinunue ile ya bei ya kutupa yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Mtoto mmoja mdadisi akiisogeza kwenda 115 nawe uko kwenye umeme wa 230, utasikia mlio na utanusa harufu, na hapo video za harusi zitasubiri sana.

Kuna jambo la njia ambalo washauri wa mjini hawalioni. Mzigo wako utapanda basi, au treni ya Tabora kupitia Kaliua hadi Mpanda, kisha utashika barabara ya kuelekea Uvinza na kuishia juu ya bodaboda. Kompyuta iliyoungwa tayari, yenye feni nzito na kadi kubwa vikining'inia kwenye mazabodi, hutikisika njia nzima, na kadi huweza kuvunja tundu lake. Vipuri vikiwa kila kimoja ndani ya boksi lake husafiri salama. Kwa hiyo ungia nyumbani. Prosesa tu ivalishe kwenye mazabodi ukiwa bado mjini, fundi wa duka akikutazama, maana pini za soketi zikipinda Mishamo hakuna wa kuzinyoosha. Na mtumba nao, kabla ya kuupakia, chomoa kadi uifunge peke yake.

Nasisitiza haya yote kwa sababu naijua thamani ya kinachokaa ndani ya mashine hizo. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi wa Burundi waliotoroka mauaji ya 1972. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa hapo akisikiliza simulizi zao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995 kwa Kiingereza. Wengi wa watu hao na watoto wao walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Aliyefika msituni akiwa na miaka 25 sasa amepita sabini. Kamera ileile inayopiga harusi Jumamosi inaweza kukaa mbele ya mzee Jumapili jioni, akasimulia kwa Kirundi au kwa Kiswahili jinsi msitu ulivyofyekwa ukawa vijiji, na sauti hiyo ikabaki nyumbani, mikononi mwa wajukuu. Ninaposikia diski ya studio imekufa na kila kilichokuwamo, naumia kweli.

Basi panga manunuzi yako hivi. Mwenye sola aunge i5-12400 yenye ramu ya GB 16. Mwenye umeme wa nguzo na fedha ya kubana achukue mtumba pamoja na pawa saplai ya akiba. Wote wawili wanunue diski mbili za nje, moja ibaki studio, ya pili ikae nyumba nyingine, kwa mwalimu wa kwaya ikiwezekana, kwa kuwa anapiga simu kila siku na atakukumbusha kunakili. Fedha ikipungua, punguza kioo, punguza kasha la taa za rangi, lakini diski hizo usiziguse.